Kutoka Sinki Hadi Kitandani

Msikilizaji, mtazame mkunga aliye zamu ya usiku katika wodi ya wazazi. Mama wa kitanda cha tatu uchungu umemkaza, na mkunga anaelekea kwenye sinki kunawa. Anafungua koki, anapaka sabuni, anasugua mpaka povu linapanda hadi kifundo cha mkono, anasuuza. Mikono imetakata. Kisha anaifunga koki ile ile aliyoifungua kwa mikono michafu. Anajifutia kwenye aproni, maana taulo za karatasi zilikwisha tangu juzi. Anavuta pazia, anasogeza taa, anachukua faili kuangalia mama alipimwa mara ya mwisho saa ngapi, anaweka sawa mpira uliotandikwa kitandani, halafu anachana pakiti ya glavu, anazivaa, anampima mama njia. Ukimuuliza kama alinawa atakujibu ndiyo, na atakuwa amesema kweli. Lakini mikono iliyonawa pale sinkini si hiyo iliyomfikia mama. Njiani imebadilika.

Jambo hili limeshahesabiwa hapa hapa kwetu. Watafiti walikaa katika wodi 10 za kujifungulia huko Zanzibar, wodi zenye wazazi wengi, wakaandika hatua kwa hatua kila kitu ambacho mikono ya wahudumu iligusa. Walikusanya nafasi zaidi ya 700 ambazo mhudumu alipaswa kuwa na mikono safi kabla ya kufanya kazi inayogusa ndani ya mwili wa mama. Mikono ilioshwa au kutakaswa takriban mara 1 kati ya 4. Mara ambazo mhudumu alinawa, akavaa glavu, na asishike kitu kingine chochote mpaka alipomfikia mama, hazikutimia hata 1 kati ya 10. Na pale wahudumu waliponawa au kuvaa glavu, karibu nusu ya nyakati waliichafua tena mikono au glavu hizo kabla ya kazi yenyewe. Takwimu ya kwanza inasikitisha, lakini hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niyaandae mazungumzo haya, kwa sababu inawahusu watu waliokwisha kufanya juhudi. Walikumbuka, wakajali, wakatumia maji na dakika zao, na juhudi yote ikapotelea katika hatua tano au sita za kurudi kitandani.

Tumezoea kulizungumza suala la mikono safi hospitalini kana kwamba ni suala la elimu: wahudumu wafundishwe, wakumbushwe, wabandikiwe mabango. Au tunalifanya suala la tabia: wahudumu ni wazembe, wakaripiwe. Mimi nasema kabla ya yote hayo ni suala la mahali na wakati. Mikono ikitakaswa mbali na mgonjwa, hata kwa sabuni nzuri kiasi gani, itafika kwake imekwisha kuokota mengine. Ikitakaswa pale alipo, sekunde chache kabla ya kumgusa, itafika safi. Kwa hiyo njia ya kutakasa mikono isipimwe kwa wingi wa povu. Ipimwe kwa uwezekano wake wa kufanyika kando ya kitanda, na kwa wodi zetu nyingi njia hiyo ni chupa ya kitakasa mikono chenye spiriti. Sabuni na maji vina kazi yao, tena kubwa, na nitaieleza.

Kwanza tujue tunagombea nini. Katika hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walifuatilia watoto waliolazwa kati ya mwaka 2002 na 2009. Watoto walioingia bila maambukizi ya damu, kisha wakayapatia humo humo wodini, walikuwa wachache: karibu 6 kwa kila 1,000 waliolazwa. Lakini kati ya hao wachache, asilimia 53 walifariki. Waliofika hospitalini tayari wakiwa na maambukizi ya damu kutoka nyumbani walifariki asilimia 24, na wale ambao hawakuwa na maambukizi ya damu kabisa, asilimia 6. Ni kweli kwamba mtoto anayekaa wodini muda mrefu mara nyingi ni yule aliyekuwa dhaifu tangu mwanzo, kwa hiyo tofauti yote hiyo haiwezi kubebeshwa mikono ya wauguzi. Hata hivyo vimelea vilivyowaua, kama vile Klebsiella na jamaa zake, ni vile vinavyostawi katika mazingira ya hospitali na kusafiri kutoka mgonjwa hadi mgonjwa, na mkono ndio chombo chao kikuu cha usafiri. Hawa si watoto ambao tunaweza kusema walicheleweshwa kuletwa. Walikuwa tayari mikononi mwetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau maambukizi mamoja humo hospitalini, dhidi ya 7 katika nchi tajiri, na kwamba 1 kati ya kila 10 wanaoambukizwa hivyo hufariki. Tena vimelea hivi ndivyo vilivyojifunza kuzishinda dawa. Zamani kosa la mkono lilifutwa na sindano za antibiotiki. Leo mara nyingi sindano hizo hazifui dafu.

Ngozi ya mkono ina vimelea vya namna mbili. Kuna wakazi, wanaoishi ndani ya mikunjo ya ngozi na ambao kwa kawaida hawana neno nasi. Na kuna wapita njia, waliookotwa dakika chache zilizopita kwenye kidonda, kwenye mpira wa mkojo, kwenye chuma cha kitanda, kwenye simu iliyomo mfukoni. Hao wa pili ndio wanaoua, na kwa bahati nzuri ndio wanaoondoka kwa urahisi. Hakuna anayemdai muuguzi mikono isiyo na kimelea hata kimoja. Anachodaiwa ni kuwashusha wapita njia kabla hajafika kwa mtu mwingine. Kila akishika kitu, amepakia wengine.

Historia ya jambo hili husimuliwa kwa jina la daktari wa uzazi Ignaz Semmelweis, na mara nyingi husimuliwa nusu. Mwaka 1847 hospitali kuu ya Vienna, alikofanya kazi, ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Ya kwanza ilifundishia wanafunzi wa udaktari, ya pili wanafunzi wa ukunga. Kwa miaka kadhaa wazazi wa wodi ya kwanza walikuwa wakifa kwa homa ya uzazi takriban 10 kwa kila 100, na wale wa wodi ya pili takriban 4. Madaktari walitoka moja kwa moja kwenye chumba cha kupasulia maiti na kuingia wodini, lakini wakunga hawakupasua maiti. Rafiki yake Semmelweis, Jakob Kolletschka, alichomwa kidole kwa kisu wakati wa upasuaji wa maiti, akaugua na kufa, na mwili wake ukaonyesha mambo yale yale yaliyoonekana kwa wazazi waliokufa. Hapo Semmelweis akaunganisha. Aliweka beseni la maji ya chokaa yenye klorini na kuamuru kwamba kila daktari na mwanafunzi aingiaye anawe humo. Vifo vilivyokuwa zaidi ya 18 kwa kila wazazi 100 mwezi wa Aprili vikashuka hadi karibu 2 mwezi wa Juni.

Nusu inayoachwa ni ya Oktoba mwaka huo huo. Alilazwa mama mwenye saratani ya mfuko wa uzazi iliyokuwa ikitoa uchafu, akawekwa kitanda ambacho madaktari walianzia mzunguko wao. Klorini walikuwa wameshanawa walipoingia. Walimpima mama huyo, wakajinawisha kwa sabuni tu, wakaendelea na wa pili, na wa tatu, hadi wa mwisho. Kati ya wazazi 12 waliokuwa wakijifungua wakati huo, 11 walikufa. Beseni lilikuwepo, dawa ilikuwemo, na amri ilitiiwa. Lakini beseni lilikuwa mlangoni na hatari ilikuwa kitandani. Tangu siku hizo Semmelweis alitaka klorini itumike kati ya mgonjwa na mgonjwa. Watu wengi hukumbuka jinsi wakubwa wake walivyompinga na jinsi alivyofia katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1865, na ni kweli hayo yanaumiza. Kwangu mimi funzo zito zaidi lipo katika mzunguko ule wa Oktoba, na kila nikisikia habari za wodi yenye vitanda 30 na sinki moja mwisho wa ukumbi, nawafikiria wale wanawake 11.

Karibu karne moja na nusu ilipita kabla hospitali moja kubwa haijakaa chini na kulipigia jambo hili hesabu za saa. Ilikuwa Geneva, Uswisi, na aliyeongoza kazi hiyo ni daktari Didier Pittet. Kikundi chake kiligundua kwamba katika wodi ya wagonjwa mahututi nafasi za kutakasa mikono huzidi 20 katika saa moja ya kumhudumia mgonjwa. Tupige hesabu. Kwenda kwenye sinki, kunawa kwa namna inayotakiwa, kukausha na kurudi, hata kama sinki liko karibu, si chini ya dakika moja, na kwa kawaida ni zaidi. Nafasi 20 ni dakika 20, yaani theluthi ya saa. Mhudumu akiyatii masharti hayo kikamilifu, theluthi ya zamu yake ataimalizia mbele ya bomba huku wagonjwa wakimwita. Hilo halitafanyika, hata mhudumu akiwa na moyo wa namna gani. Kumkaripia ni kumlaumu mtu kwa kushindwa kubeba mzigo ambao hakuna abebaye. Kitakasa mikono chenye spiriti huchukua sekunde 20 hadi 30, hakihitaji bomba wala taulo, na mhudumu anaweza kusugua viganja huku akimsikiliza mgonjwa anavyojieleza.

Kwa hiyo Geneva waliacha kuhubiri sinki. Walitundika chupa kwenye vitanda, wakawapa wahudumu chupa ndogo za mfukoni, na wakaandaa mabango kwa kushirikiana na wahudumu wenyewe. Kati ya mwaka 1994 na 1997 kiwango cha kutakasa mikono pale inapopasa kilipanda kutoka asilimia 48 hadi 66. Wagonjwa waliokutwa na maambukizi ya hospitalini walishuka kutoka asilimia 16.9 mwaka 1994 hadi 9.9 mwaka 1998. Na tena, unawaji wa sabuni na maji haukuongezeka hata kidogo. Ulibaki pale pale ulipokuwa, na ongezeko lote lilitoka kwenye chupa. Watu ni wale wale, elimu yao ni ile ile, na kilichosogea ni dawa kuwakaribia.

Shirika la Afya Duniani lilichukua fundisho hilo na kulitandaza. Limetaja nyakati tano za kutakasa mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu kama kuweka kanula au kufunga kidonda, baada ya kugusana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Ukiziangalia vizuri, zote tano zinatokea kando ya kitanda, wala hakuna inayotokea mlangoni. Kanuni ya kutengeneza kitakasa mikono nayo imetolewa wazi, bila mtu kudai haki ya ugunduzi. Kwa lita 10 mfamasia huchukua mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 145 za gliserini ya asilimia 98, kisha hujaza maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka lita zitimie. Ethanoli, yaani spiriti yenyewe, ndiyo inayoua vimelea mkononi. Gliserini hulinda ngozi isikauke. Hidrojeni peroksaidi haiko pale kwa ajili ya mkono kabisa. Kazi yake ni kuua mbegu za bakteria zilizomo ndani ya chupa au kwenye maji, na ndiyo maana mchanganyiko huachwa saa 72 kabla ya kutumika. Nalitaja hili kwa sababu yapo maduka yanayouza kitu kama jeli yenye harufu nzuri na spiriti kidogo, na hospitali ikinunua hicho imenunua manukato.

Namna ya kupaka nayo ina mambo yake. Tone moja halitoshi, kiganja kijae. Ipakwe kwenye mkono mkavu, kwa kuwa maji huizimua spiriti. Isipepewe wala isifutwe, isuguliwe mpaka ikauke yenyewe. Sehemu zinazosahauliwa zaidi ni ncha za vidole na madole gumba, nazo ndizo zinazotangulia kumgusa mgonjwa: ncha ya kidole ndiyo inayotafuta mshipa, na dole gumba ndilo linalobana sindano.

Sasa sabuni. Spiriti haioshi. Mkono ukiwa na damu, kinyesi, usaha au vumbi linaloonekana kwa macho, spiriti itapita juu ya uchafu na kuviacha vimelea salama chini yake, kwa hiyo hapo maji na sabuni havina mbadala, na sekunde zake ni 40 hadi 60. Baada ya kutoka chooni ni hivyo hivyo. Na kuna bakteria wa kuharisha aitwaye Clostridioides difficile, ambaye hujifunika katika mbegu ngumu isiyodhurika kwa spiriti. Mbegu hiyo huondolewa kwa kusuguliwa na kusombwa na maji. Kwa hiyo anayesema chupa imelifuta sinki amekosea sana. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika Afrika kusini mwa Sahara asilimia 73 ya vituo vina kitakasa mikono au sabuni na maji pale wagonjwa wanapohudumiwa, lakini ni asilimia 37 tu vyenye maji na sabuni kwenye vyoo. Hilo ni pengo la aibu, na chupa haiwezi kulijaza. Palipo na shida ya bomba, hata ndoo yenye koki au kibuyu chirizi kinatosha mradi maji yatiririke juu ya mkono na kwenda zake. Beseni la maji ya jiki ambamo kila mtu huchovya mikono, tulilolizoea tangu enzi za kipindupindu na kulikumbuka tena wakati wa Ebola, ni jambo jingine. Klorini huwasha ngozi, hupungua nguvu kadiri uchafu unavyoongezeka humo, na jioni beseni hilo huwa limegeuka mahali pa kukutania vimelea. Taulo moja la kitambaa la wodi nzima lina hatari ile ile.

Nimekwisha kusikia pingamizi kadhaa juu ya hoja hii, na zinastahili majibu. La kwanza ni glavu: muuguzi amevaa glavu, mikono yake ina kazi gani tena? Glavu humlinda zaidi muuguzi kuliko mgonjwa. Ngozi ya nje ya glavu huokota vimelea kama ngozi ya mkono, na pengine zaidi, kwa sababu aliyevaa glavu hahisi unyevu wala kunata, hivyo hajioni kuwa mchafu. Anayetumbukiza mkono mchafu katika boksi la glavu amezichafua zilizobaki. Anayevua glavu bila kutakasa mikono ameacha vijidudu vilivyopenya kwenye vitundu visivyoonekana, au vilivyompakaa wakati wa kuvua. Takwimu za Zanzibar zinaonyesha ugonjwa huo waziwazi: glavu zilivaliwa mara nyingi kuliko mikono ilivyooshwa. Glavu imegeuka mbadala wa usafi wakati ni nyongeza yake tu.

Pingamizi la pili linasikika zaidi pwani, nalo ni la imani. Wapo wahudumu Waislamu wanaoona uzito kujipaka kitu chenye pombe, hasa wanapofikiria swala iliyo mbele yao. Uzito huo unastahili heshima, na umeshajibiwa na wenye elimu yake. Baraza la Fiqhi lililo chini ya Rabita, yaani Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, katika kikao chake cha 16 kilichofanyika Makka Januari 2002, liliruhusu matumizi ya nje ya alkoholi kwa kusafishia majeraha na kuulia vijidudu. Hospitali za Saudi Arabia zenyewe zinatumia vitakasa hivi. Kinachobaki ni uongozi wa hospitali kukaa na wahudumu, pamoja na sheikh wa mahali pale ikibidi, na kulizungumza mapema. Kutundika chupa bila neno na kisha kushangaa mbona haipungui si uongozi.

Pingamizi la tatu ni la fedha, na ndilo linalotolewa kwa sauti kubwa zaidi katika vikao. Spiriti inagharimu, kweli. Lakini nchi zetu zina miwa, na palipo na miwa pana molasi, na molasi ndiyo inayotoa ethanoli. Uganda imekuwa na kitakasa mikono cha hospitalini kinachotokana na molasi ya viwanda vyake vya sukari, na bonde la Kilombero nchini Tanzania linatoa spiriti ya molasi kwa wingi. Hospitali ya Point G mjini Bamako, Mali, ilitengeneza kitakasa chake yenyewe kwa spiriti ya miwa ilipokuwa kituo cha majaribio cha Shirika la Afya Duniani. Mfamasia mwenye pipa safi, chombo cha kupimia na chumba chenye hewa, mbali na moto, anaweza kazi hiyo. Gharama ya siku kumi za ziada za mama aliyeoza kidonda cha upasuaji, pamoja na dawa zake za bei kubwa, huwa haiitwi gharama ya mikono michafu katika vitabu vya hesabu, ndiyo maana spiriti huonekana ghali.

Na hiyo hiyo Bamako inanilazimu nikiri jambo dhidi ya hoja yangu. Kabla ya mradi, mikono ilitakaswa asilimia 8 ya nyakati zilizopasa. Baada ya chupa, mafunzo na yote, ilifika karibu asilimia 22. Ni karibu mara tatu, na bado karibu mara nne kati ya tano haikutakaswa. Kwa hiyo chupa peke yake haitoshi. Wanaosema tatizo ni nidhamu watalidaka hilo na kusema, unaona? Naona, lakini sioni wanachokiona. Nidhamu ya kusimamiwa huisha msimamizi akigeuka. Katika hospitali moja ya Toronto, Kanada, ambako matumizi ya vyombo vya kitakasa yalihesabiwa kwa mitambo, yaliongezeka karibu mara tatu pale tu wakaguzi walipokuwa wakionekana wodini. Hayo ndiyo matunda ya kukaripia: mikono safi ya dakika chache. Kinyume chake, watafiti Adam Grant na David Hofmann walipobandika mabango ya aina mbili katika hospitali moja ya Marekani, matokeo yakachapishwa mwaka 2011, bango lililomwambia mhudumu kwamba mikono safi inamkinga yeye halikubadilisha kitu, na lile lililosema inawakinga wagonjwa liliongeza matumizi ya kitakasa na sabuni. Wahudumu wa afya hawana upungufu wa huruma. Huruma hiyo ikikumbushwa pale ambapo chupa iko karibu, mkono unainuka.

Kuna watu wengine wodini ambao miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya haiwajui. Kwetu mgonjwa hulazwa na nduguye. Shangazi ndiye anayemgeuza, dada ndiye anayemlisha uji na kumwosha, mjomba anamsaidia kwenda chooni, na wakimaliza huwasaidia wa kitanda cha jirani ambao ndugu zao hawajafika. Ni wema tuliolelewa nao, wala sitaki uondoke. Lakini mikono hiyo inagusa wagonjwa wengi kuliko ya daktari, na hakuna anayeihesabu. Chupa ya kando ya kitanda iwe ya ndugu pia, na muuguzi wa zamu amwonyeshe anapopokea mgonjwa, kama anavyomwonyesha choo kilipo.

Yako pia mapendekezo kwamba mgonjwa mwenyewe amuulize mhudumu: je, umenawa? Kwingineko wamefundishwa hivyo. Kwetu, mama aliye katika uchungu, amelala chali, amwambie nesi au dokta neno hilo? Hatathubutu, na si haki kumtwisha ulinzi huo saa ile. Lililo rahisi na lenye heshima zaidi ni mhudumu kutakasa mikono mbele ya macho ya mgonjwa, akisema tu, “Mama, natakasa mikono yangu, sasa nitakushika.” Maneno hayo yana faida mbili. Mgonjwa anatulia, na mhudumu akishayatamka hawezi tena kugeuka kushika pazia.

Wajumbe wa kamati za vituo vya afya mnaonisikiliza, mkikutana msiulize kama kituo kimenunua kitakasa mikono, maana mtaonyeshwa stakabadhi. Ulizeni chupa zinatundikwa wapi, na kama muuguzi anaweza kuifikia kwa kunyoosha mkono bila kuinua mguu. Halafu ulizeni chupa ya kitanda cha tatu ikiisha saa 8 ya usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, nani anaijaza, na ufunguo wa stoo uko kwa nani. Kama mtunza stoo ameondoka nao mpaka Jumatatu saa 2 asubuhi, basi kwa saa 30 wodi hiyo imerudi kwenye sinki la mwisho wa ukumbi.